Mchezo Uliomuumbua Baba

Nyumbani kwa Baba,
Hancock, Michigan.
Jumapili, 1 Desemba.

Mpendwa Shangazi Ailie,

Shikamoo. Ni mimi Sonja, binti wa mdogo wako Reino. U hali gani huko Sitka? Goti limepona, au bado linakuamsha alfajiri? Na yule jirani yako mwenye mbwa, mmeshapatana au mngali mnanuniana? Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili tu, maana hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, na kwa sasa sitaki mtu aisikie.

Hapa theluji inaanguka tangu Ijumaa na barabara ya kusini imefungwa. Nilikuwa niondoke jana kurudi Madison. Badala yake nimekwama kwenye chumba changu cha usichana, katika nyumba ambayo hadi leo asubuhi Mama alikuwa hanisemeshi. Ananiwekea kahawa mezani kisha anatoka jikoni.

Mwezi wa tisa uliniandikia ukiuliza kwa nini Baba hajibu barua zako. Uliuliza kama amekusahau, au kama ana kinyongo juu ya ile kambi ya ziwani, nyumba ya mbao aliyowaachia Babu, kwa vile wewe ulitaka iuzwe na yeye akakataa. Nami nikakujibu kwa ujuaji wangu wote. Nikasema wanaume wa umri wake hupunguza maneno, nikasema kuna tafiti, nikasema usijali. Shangazi, nilikuandikia upuuzi. Ile barua ichane. Ukweli nimeujua Alhamisi, siku ya Sikukuu ya Shukrani, na jinsi nilivyoujua, nikikumbuka uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu.

Kazi yangu unaijua juu juu, na lawama ni yangu, kwa sababu kila ukiniuliza nakujibu kama niko jukwaani. Mimi na wenzangu chuoni tunachunguza jinsi watu wanavyoelewana. Neno linatokaje kichwani mwa mtu likafika kwa mwenzake na maana yake ikiwa nzima, na je, kuishi pamoja miaka mingi kunasaidia au watu hujidanganya tu kwamba wanaelewana. Tunao mchezo wa kulipima jambo hilo. Watu wawili wanakaa mezani, katikati yao kuna kadibodi ili kila mmoja asione kadi za mwenzake. Wote wana kadi zilezile zenye maumbo meusi, vijitu vya pembetatu visivyo na jina. Mmoja anaeleza kadi zake moja moja, mwingine anazipanga za kwake kwa kufuata maelezo.

Raundi ya kwanza maelezo huwa marefu: yule kama mtu aliyepiga magoti, mgongoni kabeba kitu, kichwa kimeinama. Raundi ya tatu wanasema tu "mpiga magoti" na inatosha. Wameshajengeana jina. Nimekaa miaka kwenye kazi hii kwa ajili ya kitu hicho kimoja, kuona maneno yakipungua kwa kuwa watu wamezoeana.

Sasa sisi watafiti tuna tabia moja mbaya. Kabla ya kuwaita watu wa kupimwa hasa, mchezo tunaujaribia kwa ndugu. Simjui mwenzangu hata mmoja ambaye hajawahi kumkalisha mama mkwe wake mbele ya saa ya kupimia. Tunaona ni utani wa kifamilia. Basi nami nikaja na sanduku langu la kadi kwenye sikukuu, pamoja na pai ya maboga.

Tulikuwa watano: Baba, Mama, mdogo wangu Craig na mkewe Renee, ambaye wewe hujakutana naye, na mimi. Bata mzinga tulishammaliza, wamebaki wanaume kulegeza mikanda. Craig akaliona sanduku.

"Profesa, hata leo umekuja na kazi?"

"Kaa hapo nikupime akili."

"Utapima nini, dada? Humu ndani mmejaa mchuzi mtupu."

Baba akasema yeye macho yake leo mabovu, wacheze vijana. Mama akadakia, "Reino amechoka, mwacheni apumzike." Hapo ningeweza kuacha. Nikasema, "Mama, dakika kumi tu," kwa sauti ninayoitumia kwa wanafunzi.

Wakaanza Baba na Mama. Baba aeleze, Mama apange. Ungewaona, Shangazi, ungefurahi kama nilivyofurahi mimi.

"Hii… hii ina…" Baba akaanza.

"Ina mguu pembeni?"

"Hiyo hiyo."

"Na inayofuata imekaa au imesimama?"

"Imekaa."

"Imekaa imenuna, kama mama yako kanisani?"

"Eeh, huyo huyo," Baba akacheka.

Wakamaliza upesi, bila kosa hata moja. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kukereka. Mwenye kueleza ni Baba, na aliyekuwa anaeleza ni Mama. Nikamwambia, "Mama, unamlisha maneno. Mwache aseme mwenyewe." Mama akaniangalia, akasema, "Ndivyo tunavyoongea sisi." Nalipwa mshahara kwa kusikiliza sentensi kama hiyo, na ikanipita.

Nikaagiza wabadilishane. Ndivyo tunavyofanya: ukishawapima mume na mke, unamtoa mmoja unamkalisha na mtu asiyemzoea, ili tofauti ionekane. Nikamweka Baba na Renee. Mama akasema, "Sonja, inatosha." Sikuinua hata kichwa kwenye kompyuta.

Baba akaichukua kadi ya kwanza, akaitazama. "Hiki… kile kitu cha… cha juu ya nyumba." Renee akauliza kwa upole, "Kitu gani, Baba?" Akajibu, "Si kile." Akaiweka chini, akachukua nyingine. Alipofika raundi ya pili alizishika zile kadi kana kwamba hajawahi kuziona. Maelezo hayakupungua, yaliongezeka, kisha yakakatika kabisa. Akageuka kumtafuta Mama kwa macho. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, kwa kuwa mimi nilikuwa nimemkataza kusema.

Craig akatupa mzaha. "Mzee, kumbe chupa ulishaionja kabla ya pai." Renee akacheka kidogo, kwa kutojua afanye nini. Na mimi je? Mimi nilikuwa naangalia namba. Niliinua uso nikitabasamu, nikasema mbele ya wote, "Hii ni nzuri sana. Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotegemea."

Nilifurahi, Shangazi. Hilo ndilo ninalotaka ulijue, na sitaki ulipunguze kwa kunihurumia. Baba yangu alikuwa anazama mbele yangu na mimi nilifurahi kwa sababu namba zilikubaliana na nilichokuwa nimeandika.

Baba akazilaza kadi kifudifudi, akazipanga vizuri pembe kwa pembe, akasema taratibu, "Samahani, mwanangu. Nimekuharibia kazi." Akasimama, akavaa koti, akatoka kwenda kuchochea moto wa sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, ingawa Alhamisi si siku yake.

Mama alinifuata kwenye stoo ya vyakula, akafunga mlango. Hakupaza sauti. Aliniambia hali hii imeanza mwishoni mwa majira ya baridi yaliyopita. Baba alipotea njia ya kambini, njia aliyoipita tangu utoto. Aliacha kwenda karata za Jumatano kwenye ukumbi wa kanisa, akasingizia macho. Mama alimpeleka kwa daktari mjini Marquette akimdanganya kwamba ni presha, na daktari akamwambia yeye peke yake kinachokuja. Tangu hapo amekuwa akimtangulia Baba katika kila mazungumzo, anampelekea neno kabla hajalikosa, mbele ya majirani, mbele ya mchungaji, mbele yetu.

"Wewe ndiye umesomea vichwa vya watu," akaniambia. "Kila ukija nilikuwa nakuogopa kuliko daktari. Nasema leo ataona, leo ataona. Mwaka mzima hukuona kitu. Halafu umekuja na kadibodi."

Nilitamani anizabe kofi yaishe. Akatoka akaenda kuosha vyombo, na hatukusemeshana tena.

Craig aliambiwa na Mama kwenye simu. Jana akaja na beleshi lake la theluji, akasafisha kuanzia barabarani mpaka mlangoni, na njia ya sauna, na hata kibanda cha kuni ambacho hakitumiki. Hakuingia ndani. Huyo naye ana aibu yake, ila yeye aliteleza ulimi tu.

Jana Jumamosi Baba aliwasha sauna kama kawaida. Nilikuwa napeleka taulo kwenye chumba cha kuvulia nguo nikamkuta amekaa kwenye benchi na koti lake, na magotini ana kadi zangu. Nilidhani nimezifungia sandukuni.

"Kaa," akasema. "Nifundishe hizi."

"Baba, si mtihani. Mimi ndiye niliyekosea."

"Nifundishe tu. Nikizijua, siku nyingine sitamwaibisha mama yako Darlene." Akatazama mlangoni, akainamisha kichwa karibu na changu. "Halafu mama yako usimwambie. Kichwa kinaniacha, mwanangu. Yeye hajui. Akijua hatalala tena."

Katika kazi yangu hali hiyo ina jina. Mimi najua, yeye anajua, yule anajua ila hajui kwamba huyu anajua. Nimewahi kuichora ubaoni kwa mishale, wanafunzi wakanakili. Pale kwenye benchi nilikuwa na siri ya Mama sikio hili na ya Baba sikio lile, nikasema tu, "sawa, Baba."

Tukacheza. Bila saa, bila kuandika. Nilimpa majina rahisi: nyumba, bata, mpiga magoti. Akawa anayarudia kwa bidii, kama anavyosema sala, na tukigeuza kadi yameshapotea. Hakukasirika. Alisema tu, "Tena."

Kuna kadi moja ya kijitu kilichoegemea, mguu mmoja umenyanyuliwa. Sikuwahi kumpa jina lake. Aliishika akasema, "Huyu Ailie." Nikamuuliza kwa nini. "Anavaa viatu vya kuteleza kwenye barafu. Ameegemea ukuta wa ghala, hataki kukaa kwenye theluji, anaogopa kulowesha sketi. Ukimsukuma anakupiga na kile kiatu kingine." Raundi ya pili alipoifikia akasema, "Ailie." Raundi ya tatu nyumba haikuwa nyumba tena, bata alikuwa "kile kitu", na ile kadi akaitupa mbele yangu bila hata kuitazama sawasawa. "Ailie. Endelea."

Usidhani nakwambia hivyo ili nikufariji. Najua hujakaa karibu naye, na mimi niliyekaa karibu hakuna kadi aliyoipa jina langu. Nakwambia kwa sababu uliuliza kama amekusahau.

Leo asubuhi Mama alikuwa anakanda mkate wa iliki. Nilisimama mlangoni nikijiandaa kutoka tena, akasema bila kugeuka, "Amekuomba usiniambie, si ndiyo?"

Akanitupia jicho juu ya bega.

"Tangu mdogo hujui kuficha. Unasimama hivyo hivyo kama nguzo."

"Mama, kwa nini hamwambiani? Mngepumzika wote wawili."

"Ili iweje?" Akaendelea kukanda. "Najua kwamba anajua. Usiku anajaribu majina ya wajukuu wa dada yangu, anadhani nimelala. Mwache anifiche. Mengine yote sasa namfanyia mimi. Hicho ndicho kimebaki yeye anachonifanyia."

Mkate ulipoiva akanikatia kipande cha pembeni chenye ganda, akanisogezea siagi. Sijui kama nimesamehewa. Nilikula nikilia, naye akajifanya anatafuta chumvi.

Namba za Alhamisi nimezifuta. Ningependa kukwambia nilizifuta palepale, lakini nilizifuta jana baada ya sauna, na kabla ya hapo nilizifungua nikaziangalia mara nyingine. Zilikuwa nzuri. Mwezi wa kwanza natakiwa kusimama kwenye kongamano nieleze jinsi watu waliopendana wanavyoelewana kwa maneno machache. Sijui nitasimama na uso gani. Nilidhani ninapima vichwa viwili na njia iliyopo katikati. Kumbe pale mezani kulikuwa na mtu na mkewe wakiendesha kichwa kimoja kwa shida kubwa, nami nikawatenganisha ili nione vizuri.

Sasa shida yangu kwako. Baba hana kinyongo, Shangazi. Kambi hajaitaja. Mama anasema barua zako huzisoma mpaka mikunjo inachanika, kisha huchukua karatasi, huandika "Mpendwa Ailie," na hapo hapo hukwama. Anaona aibu. Wewe ndiye uliyemfundisha kuandika, anasema hataki uone mwandiko wake ulipofikia.

Kwa hiyo mwandikie, ila usimuulize kitu. Usiseme "unakumbuka?" hata mara moja. Msimulie. Mwambie ghala lilikuwa rangi gani, nani alianguka kwenye barafu, baba yenu alisema nini. Mpe jambo likiwa tayari limeiva, yeye abaki na kusema ndiyo. Mimi nimesoma mpaka nikachoka na somo hilo nimelipata kwa Mama, tena baada ya kulikemea.

Na uje. Najua ulisema kiangazi. Njoo kabla ya kiangazi. Huwezi kujua barafu ya ziwa itakuwa imeondoka lini, na siongelei barafu peke yake. Usafiri kutoka Marquette nitakupangia mimi, na nitakaa Madison kama Mama atakuwa hataki kuniona. Ukifika, Mama atakwambia Reino hajambo, macho tu yanamsumbua. Wewe kubali. Baba naye atakwambia Darlene hajui kitu. Kubali pia. Nakuomba uingie katika uongo wa nyumba hii kama unavyoingia chumba chenye mgonjwa, kwa kunyata.

Nilikuwa naandika hayo ndipo Baba akaingia jikoni na soksi zake za sufi, akaniuliza namwandikia nani. Nikasema, namwandikia Ailie. Akafurahi. Akavuta kiti akakaa karibu, na mimi nikafunika ukurasa kwa kiganja.

"Mwambie mimi mzima," akasema. "Yale ya kichwa usimwandikie. Atakuja kunionea huruma, na yule hajawahi kunionea huruma hata siku moja. Nataka aje vile vile alivyo."

Nikasema sawa, Baba. Ni mara ya pili namwambia sawa, na safari hii nilikuwa nimeshayaandika yote.

Nisalimie Annika na wanawe, na mwambie binamu Leif kwamba salamu zake za samaki zilifika ila samaki hatukuwaona. Craig na Renee wanakusalimu, Mama pia anakusalimu sana. Mungu akushikilie kwenye zile ngazi zako zenye utelezi, na akuhifadhi ufike salama.

Na Baba, kama alivyoniagiza, ni mzima.

Ni mimi mwanao wa upande wa mdogo wako, nikupendaye huku nikiona haya,
Sonja